Mrija Uliobanwa kwa Meno: Uchambuzi wa Kisa cha Njia ya Hewa Kuziba Mgonjwa Akiamka

Kisa hiki kinamhusu mgonjwa aliyewekewa mrija wa hewa bila taabu, akafanyiwa upasuaji uliokwenda vizuri, kisha njia yake ya hewa ikaziba zikiwa zimebaki dakika chache mrija utolewe. Umri kamili, tarehe, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au wahudumu vimeondolewa. Dozi, saizi za vifaa na mfuatano wa dakika vimebakizwa, kwa sababu bila hivyo hakuna cha kujifunza.

Mgonjwa na mpango wa usingizi

Mwanaume wa miaka ishirini na kitu, kilo 82, mwenye misuli iliyojengeka, asiye na ugonjwa wowote wa moyo wala mapafu. Alikuja kunyooshewa ukuta wa pua uliopinda. Mdomo ulifunguka zaidi ya vidole vitatu, shingo ilikunjika na kunyooka bila kikwazo, Mallampati 1 (daraja la koo linaloonekana wazi kabisa), meno yote imara, hakuna la bandia. Kwa kila kipimo kinachotumika kutabiri ugumu wa kuweka mrija, huyu alikuwa mgonjwa rahisi.

Upasuaji wa pua una mambo mawili yanayobadilisha hesabu. Kwanza, damu hushuka nyuma ya koo muda wote. Pili, pua zote mbili hutoka thieta zikiwa zimezibwa kwa pamba au shashi, kwa hiyo mgonjwa ataamka akiwa na mlango mmoja tu wa hewa: mdomo. Wanaoamka katika hali hiyo hupapatika zaidi kuliko wagonjwa wengine, na jambo hilo linajulikana kabla hata ya kuanza.

Timu ilitaka mrija uliokunjwa kiwandani ili uelekee kidevuni, lakini saizi 7.5 haikuwepo. Ukachaguliwa mrija wenye waya, yaani ule ambao ukuta wake una waya uliozungushwa kama springi, saizi 7.5. Sababu ilikuwa nzuri: mrija huu unaweza kukunjwa kuelekea kifuani ili kumpisha daktari wa upasuaji, na tundu lake halijifungi pale unapokunjwa.

Usingizi ulianzishwa kwa fentanili maikrogramu 150 (ya maumivu), propofoli miligramu 160 (ya usingizi) na rokuroniamu miligramu 50 (ya kulegeza misuli). Laringoskopu, kifaa cha kuinulia ulimi ili koo lionekane, yenye bledi ya Macintosh namba 4, ilionyesha nyuzi za sauti zote. Mrija ulisukumwa ukiwa na waya wa ndani wa kuuongoza, maana mrija wa aina hii ni mlegevu na hauendi unakoelekezwa bila kusaidiwa. Waya wa kuongoza ukatolewa, mrija ukafungwa kwa plasta kwenye alama ya sentimita 23 usawa wa meno ya mbele, kafu, yaani puto linaloziba nafasi kati ya mrija na trakea (bomba la hewa), ikajazwa hadi shinikizo la cmH2O 25 (sentimita za maji), na kapnografu, inayopima hewa ukaa katika pumzi, ikachora umbo la mstatili lenye kilele cha 36 mmHg.

Vitu vitatu ndani ya mdomo mmoja

Baada ya mrija kufungwa, viliongezwa vitu viwili.

Cha kwanza ni shashi ya koo: utepe mrefu wa shashi uliolowanishwa kwa maji ya chumvi, ukasokotwa kuzunguka mrija nyuma ya ulimi kwa koleo la Magill, ncha ikaachwa nje ya mdomo. Kazi yake ni kunyonya damu isishuke tumboni wala isikusanyike juu ya kafu. Iliandikwa ubaoni, kama inavyotakiwa, na ikaingizwa kwenye hesabu ya shashi.

Cha pili ni kabari ya meno. Vipande vitano vya shashi vilikunjwa pamoja vikasokotwa kwa nguvu, vikafungwa kwa plasta mpaka vikawa ugumu mmoja wenye kipenyo cha kama sentimita 2.5, kikawekwa katikati ya magego ya upande wa kulia. Kipande cha plasta kilitoka nje na kubandikwa shavuni. Hiki hakikuandikwa popote.

Shashi ya koo lazima itoke kabla mgonjwa hajaamka, kwa sababu ikisahaulika itaziba koo mara tu mrija utakapotolewa. Kabari ya meno lazima ibaki mpaka mrija wenyewe utoke. Vyote viwili ni shashi, vyote viwili vimelowa damu mwisho wa upasuaji, na vyote viwili vina mkia unaoning'inia mdomoni.

Mwisho wa upasuaji

Upasuaji ulichukua dakika 110. Pua zikazibwa. Sevoflureni, gesi ya usingizi, ikafungwa, oksijeni asilimia 100 ikafunguliwa lita 10 kwa dakika. Koo lilisafishwa kwa saksheni chini ya laringoskopu, na shashi ya koo ikavutwa. Mkia wake ulikuwa umenasa kwenye plasta ya kabari, vikatoka pamoja. Muuguzi akatangaza, "Shashi ya mdomoni imetoka yote." Mwenzake akaweka alama ubaoni. Tangazo lilikuwa la kweli na lilipokelewa kama habari njema. Wakati huohuo mtoa usingizi alikuwa upande wa pili, macho yake kwenye kifundo cha mkono, akihesabu mishtuko minne ya kipima misuli, kinachoonyesha kama nguvu za misuli zimerudi.

Neostigmini miligramu 2.5, ya kuondoa ulegevu wa misuli, na atropini miligramu 1.2, ya kuzuia neostigmini isipunguze mapigo ya moyo, zilikuwa zimekwisha kutolewa. Uwiano wa mishtuko minne ulifika 0.92. Mgonjwa akawa anapumua mwenyewe, kila pumzi mililita 350 hivi. Hali ilionekana tayari kabisa, isipokuwa kwamba misuli ya taya ilikuwa imerudi na nguvu zake zote na katikati ya meno hakukuwa na kitu ila mrija.

Dakika kwa dakika

*Dakika 0.* Mgonjwa anakohoa, anainua mkono kuelekea puani, anauma meno. Mfuko wa mashine unasimama. Mchoro wa kapnografu unainama, kilele kinapungua kwa pumzi mbili, kisha unakuwa mstari. Oksimita, inayopima oksijeni katika damu, inasoma 99.

*Sekunde 20.* Mtoa usingizi anaminya mfuko, unagoma. Dhana ya kwanza ni kubana kwa mirija midogo ya mapafu au mgonjwa kujizuia pumzi. Kifuani hakusikiki sauti ya filimbi. Hakusikiki sauti yoyote. Tumbo linapanda huku kifua kikizama, na shimo lililo juu ya mfupa wa kifua linaingia ndani kila mgonjwa anapojaribu kuvuta hewa.

*Sekunde 40.* Mtu anaona midomo: mrija umebanwa upande wa kulia katikati ya magego. Mgonjwa anaamriwa kwa sauti afungue mdomo, hasikii. Guedel namba 3, kifaa kigumu cha mdomoni cha kuinua ulimi, inasukumwa kati ya meno ya mbele. Haingii, inapasua mdomo wa juu.

*Dakika 1.* Msaidizi wa upasuaji anashika mrija auvute. Kiongozi wa timu anamzuia na kuagiza kafu itolewe hewa. Mililita 7 za hewa zinavutwa. Sauti hafifu ya hewa kupita kando ya mrija inasikika, na kifua kinazama kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Oksimita 94.

*Dakika 1 na nusu.* Propofoli inaagizwa. Bomba la sindano lililotumika mwanzo lilikwishatupwa. Dawa inavutwa upya kutoka kwenye chupa.

*Dakika 2 na sekunde 10.* Propofoli miligramu 50 inaingia, kisha 50 nyingine. Taya linalegea dakika 2 na sekunde 45. Oksimita 81 na inaendelea kushuka.

*Dakika 3.* Meno yameachia, lakini mfuko bado haupitishi hewa. Katita ya saksheni ya Fr 12 (milimita 4) inaingizwa ndani ya mrija na kugota usawa wa meno. Uamuzi: toa mrija sasa hivi.

*Dakika 3 na sekunde 20.* Mrija unatoka. Guedel namba 3 inaingia bila shida kwa kuwa taya limelegea. Barakoa inashikwa kwa mikono miwili, mtu wa pili anaminya mfuko, vali ya shinikizo la mwisho wa pumzi imewekwa cmH2O 8. Oksimita inagusa 68, inageuka, inapanda hadi 88 na kukwama hapo.

*Dakika 6.* Povu jepesi la rangi ya waridi linatokea mdomoni. Mapafu yote mawili yanatoa sauti ya kuchemka. Sasa tatizo si koo tena, ni maji ndani ya mapafu.

*Dakika 9.* Mrija unawekwa kwa mara ya pili.

Kwa nini maamuzi yalikuwa hayo

Kumzuia mtu asivute mrija. Mrija ulioumwa na taya la mwanaume mwenye nguvu hautoki bila kuacha kitu: jino, kipande cha ukuta wa mrija, au nyuzi za sauti zilizochanwa na kafu iliyojaa. Na ukitoka, utamwacha mgonjwa ambaye taya limefungwa, pua zimezibwa na hana njia nyingine ya hewa. Bora mrija ulioziba nusu uliopo mahali pake.

Kutoa hewa kwenye kafu. Kati ya mrija na ukuta wa trakea kuna nafasi, na kafu ndiyo inayoiziba. Ikilegea, mgonjwa anayepambana kuvuta hewa anaweza kuivuta kupitia pembeni. Haimpi pumzi kamili, lakini inapunguza ule uvutaji mkali ndani ya kifua ambao ndio hasa unaoharibu mapafu. Hatari ya damu kuingia trakea ipo. Kwa dakika moja au mbili ni deni linalolipika.

Propofoli kabla ya dawa ya kulegeza misuli. Neostigmini huzuia pia kimeng'enya cha damu kinachovunja suksamethoniamu (skolini), dawa ya kulegeza misuli kwa haraka, kwa hiyo skolini inayotolewa dakika chache baadaye hudumu muda mrefu kuliko kawaida. Kiongozi alijua hilo na akataka kwanza kujaribu dawa ambayo athari yake ingeisha haraka kama mrija ungefunguka. Ni uamuzi unaoweza kutetewa, ingawa kama propofoli isingelegeza taya kufikia oksimita 80, kungoja kusingekuwa na utetezi. Ambako mgonjwa amepewa sugamadeksi, dawa inayoikamata rokuroniamu, badala ya neostigmini, hesabu hubadilika: suksamethoniamu hufanya kazi kwa muda wake wa kawaida, na rokuroniamu ndiyo isiyotegemeka.

Kuweka mrija upya badala ya kumpa shinikizo la hewa kwa barakoa. Maji ya mapafu ya namna hii mara nyingi hutulia kwa oksijeni na barakoa yenye shinikizo endelevu, na kwa mgonjwa aliyeamka vizuri hilo lingekuwa chaguo la kwanza. Huyu alikuwa na propofoli mwilini, damu mdomoni, tumbo lililojazwa hewa ya barakoa na pua iliyotoka kupasuliwa. Barakoa inayobana uso wenye jeraha bichi, ikisukuma hewa kwa mtu asiyelinda koo lake, haikufaa.

Mara ya pili walitumia propofoli miligramu 80 na suksamethoniamu miligramu 100. Urefu wa athari yake haukuwa tatizo tena kwani mgonjwa angebaki kwenye ventileta kwa saa kadhaa. Povu lilirudi kila liliponyonywa, basi kichwa cha saksheni ya Yankauer kiliachwa kimelala kona ya kushoto ya mdomo kikiendelea kunyonya wakati laringoskopu inaingia. Kilichoonekana ni ukingo wa nyuma wa zoloto (kisanduku cha sauti) na kidakatonge, kifuniko chake, tu. Bugi, fimbo nyembamba ya kuongoza mrija, ya Fr 15 (milimita 5), ilipitishwa chini ya kidakatonge. Ncha yake iliyopinda ikagonga pete za trakea moja baada ya nyingine, ikagota kwenye sentimita 35. Bugi ikipita sentimita 40 bila kugota, shuku umio. Mrija wa kawaida wa PVC saizi 7.5 ulitelezeshwa juu yake, ukakwama kwenye gegedu la kulia la zoloto, ukarudishwa nyuma sentimita 2, ukazungushwa robo mzunguko kinyume cha saa, ukaingia. Laringoskopu haikutolewa mpaka mrija ulipopita. Barakoa ya zoloto namba 5, kisu namba 10 na mrija saizi 6 vilikuwa wazi mezani, na aliyepangiwa kukata shingo ikibidi alikuwa ametajwa kwa jina kabla dawa haijaingia.

Matokeo

Shinikizo la mwisho wa pumzi liliwekwa cmH2O 10. Oksijeni ilishushwa kutoka asilimia 100 hadi 60 ndani ya saa moja. Picha ya kifua ilionyesha weupe pande zote mbili, moyo ukiwa na ukubwa wa kawaida. Furosemaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, haikutolewa: mgonjwa hakuwa na maji ya ziada mwilini, alikuwa na maji mahali pasipotakiwa. Mrija ulitolewa asubuhi iliyofuata akiwa macho, ameketi, kabari mbili za meno zikiwa mahali pake hadi sekunde ya mwisho. Alienda nyumbani siku ya tatu. Kilichobaki ni mshono mmoja wa mdomo wa juu.

Uchambuzi

*Mapafu yaliharibiwa na nini*

Katika pumzi ya kawaida, shinikizo ndani ya kifua hushuka chini ya lile la nje kwa sentimita chache tu za maji. Kijana mwenye misuli anapovuta hewa dhidi ya njia iliyozibwa, linaweza kushuka kwa cmH2O 50 hadi 100. Uvutaji huo hujaza damu kwenye mishipa ya mapafu na kunyonya maji kutoka humo hadi kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana waathirika wa hali hii ni watu wenye afya na nguvu, wale ambao timu huwa imelegea kuwahusu. Mzee dhaifu hana nguvu za kujidhuru hivyo.

Povu huweza kuonekana dakika chache baada ya njia kufunguka, lakini pia huweza kuchelewa kwa saa. Mgonjwa aliyeuma mrija kwa sekunde 30 tu, akaonekana yuko sawa, haendi wodini moja kwa moja. Anabaki kuangaliwa.

*Oksimita ni shahidi anayechelewa*

Mgonjwa alikuwa amepumua oksijeni safi kwa dakika kadhaa, hivyo namba ilibaki 99 wakati hakuna hewa iliyokuwa inaingia. Kapnografu ilisema ukweli ndani ya pumzi mbili. Kulikuwa na mtu aliyesema "saturesheni ni nzuri" kwenye sekunde ya 30, na kauli hiyo iligharimu. Mchoro wa hewa ukaa unapolala, anayeangaliwa ni mgonjwa na mrija wake, kuanzia menoni kwenda nje: taya, mkunjo, kiunganishi, chujio, mashine. Ukianza na mashine utafika menoni ukiwa umechelewa.

*Mrija wenye waya hausamehi*

Mrija wa kawaida wa PVC ukiumwa hujibana, na taya likiachia hurudia umbo lake, labda usiwe duara kamili lakini hewa hupita. Mrija wenye waya hupinga mkunjo vizuri sana; ukishafinywa na magego, waya hubaki pale ulipolazwa. Ulipochunguzwa baadaye kwenye trei, mrija wa kisa hiki ulikuwa na mabonde mawili yanayotazamana, yaliyoachana chini ya sentimita moja, na tundu lilikuwa limegeuka ufa ambao usingepitisha hata penseli iliyochongwa zaidi ya ncha yake. Bugi ya milimita 5 isingepita, na hii ina maana kwamba njia ya kawaida ya kubadilisha mrija, yaani kupitisha bugi ndani yake na kutelezesha mpya, ilikuwa imefungwa tangu meno yalipokutana.

Ipo hila moja inayofaa kujulikana. Sehemu iliyofinywa ikiwa inafikika kwa vidole au koleo, ibanwe kutoka pande nyingine mbili, kwa pembe mraba na zile ilizofinywa. Tundu hufunguka kiasi cha kupitisha hewa. Inafaa pale taya limelegea na mrija haupaswi kutolewa, kwa mfano mgonjwa ambaye kumwekea mwingine kulikuwa kugumu. Hapa, kwa mgonjwa aliyejulikana kuwa rahisi, kuutoa kulikuwa sahihi.

Je, mrija wenye waya ungebadilishwa kuwa wa kawaida kabla ya kumwamsha? Baadhi hufanya hivyo. Kwa upasuaji wenye damu kooni, kubadilisha mrija kwa sababu hiyo peke yake ni kuongeza hatari moja ili kuepuka nyingine ambayo kabari ya shashi tano ingeizuia. Kumtoa mrija akiwa bado usingizini mzito nako hakupendezi palipo na damu. Kabari inatosha, ilimradi ipo.

*Guedel si kabari ya kutegemewa*

Arthur Guedel alieleza kifaa chake mwaka 1933, na kazi yake mpaka leo ni kuuinua ulimi usiangukie nyuma ya koo. Kina sehemu ngumu kati ya meno, kwa hiyo wengi hukitumia pia kuzuia kuuma. Shida ni mbili. Kinakaa katikati, kikibeba nguvu yote ya taya kwenye meno ya mbele, yenye mzizi mmoja na yaliyoinamia nje. Jino likivunjika wakati wa kuamka, mara nyingi ni hili. Na kikiteleza kidogo pembeni, magego hukutana, na mrija mara nyingi hulala huko huko pembeni.

Kuna jambo la tatu ambalo kisa hiki kimelionyesha waziwazi: Guedel haiingii kati ya meno yaliyokwisha kufungwa. Kuisukuma kunapasua midomo na kula sekunde. Baada ya taya kulegea, ilifanya kazi yake halisi vizuri sana. Pua zikiwa zimezibwa, hakukuwa na nafasi ya mrija wa puani, na barakoa bila Guedel ingekuwa inapuliza hewa kwenye ulimi. Namba 3 ilipimwa kutoka meno ya mbele hadi pembe ya taya. Fupi kuliko inavyotakiwa husukuma ulimi nyuma, ndefu mno hulaza kidakatonge juu ya mlango wa zoloto.

*Kabari nzuri inavyokuwa*

Shashi iliyosokotwa kizembe ni mto, si kabari. Ibane kwa vidole viwili kwa nguvu zako zote: ikibaki nene kuliko mrija wenyewe, ambao kwa saizi 7.5 unazidi sentimita 1 kwa nje au hukaribia, inafaa. Urefu wa sentimita 8 hadi 10 unatosha kufika magegoni na kubakiza sehemu inayoonekana nje. Ikae kati ya magego ya juu na ya chini, si shavuni, si chini ya ulimi, na ulimi usibanwe kati yake na meno. Kabari moja upande mmoja humruhusu mgonjwa kuchezesha taya kwenda upande wa pili. Mbili ni bora, hasa kwa mrija wenye waya. Iwe na uzi unaoonekana kwenye eksirei, kama shashi yoyote inayoingia mwilini.

*Sekunde zilizopotea*

Kati ya kutambua kwamba mrija umeumwa na propofoli kuingia ilipita dakika moja na nusu. Karibu nusu yake ilitumika kuvunja chupa, kutafuta sindano na kuvuta dawa. Kafu nayo ingeweza kulegezwa kwenye sekunde ya 40 badala ya kujaribu Guedel; bomba tupu la kuvutia hewa lilikuwa juu ya trei, hatua mbili kutoka kichwani. Hapa ndipo kisa kilipoharibika zaidi, kuliko hata kwenye kutoka kwa kabari, kwa maana kabari inaweza kutoka kwa bahati mbaya katika timu yoyote. Sekunde 90 za kuvuta dhidi ya njia iliyoziba zilitosha kuyajaza mapafu.

*Tangazo moja, vitu viwili*

Mfumo wa kuhesabu shashi ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa: ulihakikisha kwamba hakuna kilichobaki. Haukuwa na nafasi ya kusema kwamba kuna kitu kinachopaswa kubaki. Kumlaumu muuguzi aliyevuta mkia ni kukosa shabaha. Mikia miwili ya shashi iliyolowa damu, ndani ya mdomo wenye kina na giza, haitofautishiki kwa macho.

Yaliyobadilishwa

Kabari sasa hufungwa kwa plasta ya rangi, na mkia wake hutoka upande tofauti na ule wa shashi ya koo. Ubao una mistari miwili: shashi ya koo, *ndani* au *nje*, kabari, *ipo* au *haipo*. Baada ya shashi ya koo kutolewa, mtoa usingizi huangalia mdomo kwa macho yake na kusema "kabari ipo" kabla ya kufunga gesi. Propofoli ya miligramu 100 ikiwa tayari kwenye bomba, pamoja na bomba tupu la mililita 10 la kafu, hukaa kwenye trei ya kichwani mpaka mgonjwa aondoke chumbani. Mirija iliyokunjwa kiwandani imeagizwa kwa saizi zote za watu wazima, jambo lililokuwa likingoja tu mtu wa kulisukuma.

Katika faili la mgonjwa na barua aliyopewa, yaliandikwa mambo mawili kwa kutenganishwa. La kwanza: alipata maji ya mapafu kutokana na kuziba kwa njia ya hewa, na apewe kabari za pande zote mbili akipewa usingizi tena. La pili: kuwekwa kwa mrija mara ya pili kulihitaji bugi kwa sababu ya povu, wakati mara ya kwanza nyuzi zote za sauti zilionekana kwa bledi namba 4. Bila sentensi hiyo ya pili, mtoa usingizi atakayesoma faili miaka ijayo ataona neno "bugi", atamhesabu kuwa mgonjwa mwenye njia ngumu ya hewa, na huenda akamwandalia kuwekewa mrija akiwa macho bila sababu.